Ugonjwa wa Crohn: tuanze na dawa au tukubali upasuaji?

Kaka wa Mkoani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu, kijana wa miaka 24, ambaye kwa muda mrefu amesumbuliwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, kuharisha kusikokatika na kukonda. Hapa Pemba alitibiwa minyoo, akatibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo, na hakupata nafuu ya kudumu. Mwishowe tulivuka naye hadi Dar es Salaam, akaingizwa kamera, vikachukuliwa vinyama vya kupimwa, na tukaambiwa kuwa ana ugonjwa wa Crohn. Palipoathirika ni mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, kwa urefu wa kama sentimita 15, na njia yake imeanza kubana. Hivi sasa anameza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na kila dozi inapopunguzwa maumivu hurudi.

Daktari ametutaka tuchague baina ya sindano za dawa za kibaiolojia na kukatwa kipande hicho cha utumbo. Baba yetu hataki kabisa kusikia habari ya kisu. Ami yetu anasema akatwe yaishe. Naomba mwenye ujuzi atueleze ili tufanye uamuzi tukiwa na fahamu.

Bibi Muuguzi, Chake Chake

Wa aleikum salaam, mwanangu. Poleni nyote, na mgonjwa mfikishie salamu zangu. Nimetumikia wodi ya upasuaji hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitasema ninayoyajua, lakini mwenye picha na majibu ya mdogo wako ni daktari wake, na uamuzi utabaki baina yenu na yeye.

Baba yako na ami yako, ingawa wanapingana, wanaamini jambo moja, nalo ni kwamba iko njia itakayoyamaliza maradhi haya moja kwa moja. Njia hiyo haijapatikana. Katika ugonjwa wa Crohn kinga ya mwili huushambulia utumbo na kuufanya uvimbe muda wote, na shambulio hilo linaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye tundu la haja kubwa, ingawa mara nyingi zaidi hukaa hapo hapo lilipompata mdogo wako. Haliishii kwenye utando wa ndani. Linaingia ukuta mzima wa utumbo, na ndiyo sababu baada ya muda utumbo hufanya kovu na kubana, au hutoboka na kuleta jipu, au hufungua njia ya kando, yaani fistula, inayokwenda kutokea kwenye kibofu, kwenye ngozi au kwenye kipande chengine cha utumbo. Dawa huzima uvimbe. Upasuaji huondoa kilichokwisha kuharibika. Mgonjwa mmoja anaweza kuzihitaji zote mbili kwa nyakati tofauti za maisha yake.

Mawazo ya ami yako waliwahi kuwa nayo hata madaktari. Mwaka 1932, Burrill Crohn na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wa Hospitali ya Mount Sinai mjini New York, walipoueleza ugonjwa huu kwa wagonjwa 14, tumaini lilikuwa kwamba ukikata sehemu mbovu umeshatibu. Miaka ilivyosonga ikaonekana kuwa maradhi hurudi, na hurudi karibu na pale pale utumbo ulipounganishwa. Njia nyengine iliyotumika zamani ilikuwa kuipita sehemu mbovu bila ya kuiondoa. Rais Eisenhower wa Marekani alifanyiwa hivyo mwezi wa Juni 1956 utumbo wake ulipoziba. Alipona, akagombea tena na kushinda mwaka huo huo. Hata hivyo upasuaji wa namna ile umeachwa, kwa sababu kipande kilichobakishwa kiliendelea kuleta madhara.

Kabla ya kuzungumza dawa wala kisu, naomba nikuulize jambo ambalo kwetu sisi ndilo la mwanzo. Je, kifua kikuu cha tumbo kimechunguzwa na kuondolewa shakani?

Kaka wa Mkoani

Ahsante sana, bibi. Alipigwa eksirei ya kifua na tukaambiwa ni safi. Kuhusu kifua kikuu cha tumbo sikumbuki kuambiwa chochote.

Bibi Muuguzi, Chake Chake

Basi liulizeni hilo kabla ya jengine lolote. Kifua kikuu kinapoingia tumboni hupenda kukaa mahali hasa anapoumwa mdogo wako, hukondesha vivyo hivyo, huleta homa vivyo hivyo, na ndani ya kamera vidonda vyake vinaweza kumchanganya hata bingwa. Eksirei safi ya kifua haikiondoi, kwani wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha tumbo mapafu yao hayana kitu. Vile vinyama vilivyochukuliwa hutazamwa kwa hadubini, huoteshwa maabara na hupimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, lakini hata majibu hayo yakitoka hasi hayatoshi peke yake kufunga mjadala. Ndiyo maana katika nchi zenye kifua kikuu kingi daktari mwenye shaka huweza kumpa mgonjwa dawa za kifua kikuu kwanza, kisha akarudia kamera baada ya miezi michache. Vidonda vikiwa vimepona, jibu limepatikana, na kijana hatakatwa wala hatapewa dawa za kupunguza kinga maisha yake yote.

Hatari ya kukosea hapa ni kubwa. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, ambayo ni moja ya hizo dawa za kibaiolojia, wengi wao ndani ya miezi michache tu. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba kila mtu anayetaka kuanza dawa za kundi hilo apimwe kifua kikuu, pamoja na kile kilicholala mwilini bila ya dalili, na apimwe pia homa ya ini aina ya B.

Liko la pili, linalotuhusu sisi wa visiwani zaidi kuliko vitabu vya Ulaya. Yuko mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi ambao huingia kupitia ngozi ya mguu, na tofauti na minyoo mengine unaweza kuendelea kuzaana ndani ya mtu mmoja kwa miaka mingi bila ya yeye kujua. Mtu wa aina hiyo akipewa prednisoloni, mnyoo huzidi kwa kasi, husambaa hadi mapafuni na unaweza kuua. Albendazoli ya kawaida haiutoi vizuri. Dawa yake ni ivermektini, ile ile iliyokuwa ikigawiwa nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba pamoja na albendazoli tangu 2001 kwa ajili ya matende. Mdogo wako ameshaanza prednisoloni, kwa hiyo achunguzwe choo au damu kwa ajili ya mnyoo huu bila ya kuchelewa. Na asije akaacha prednisoloni ghafla kwa kuogopa maneno yangu, kwa sababu mwili ulioizoea ukikatiwa mara moja unaweza kuanguka kabisa.

Mfamasia wa Mjini

Nampongeza Bibi Muuguzi kwa kuanza na hayo. Naomba nizieleze dawa zenyewe, kwani wagonjwa wengi hufika dirishani kwetu wakidhani kuwa zote zinafanya kazi moja.

Prednisoloni ni ya kuzima moto. Inafanya kazi haraka, lakini haiwezi kumlinda mgonjwa kwa muda mrefu, na ikitumiwa miezi na miezi hulainisha mifupa, hupandisha sukari na presha, huvimbisha uso na kumfungulia mgonjwa mlango wa maambukizo. Mgonjwa ambaye kila ikipunguzwa anaumwa, kama alivyo huyu kijana, amekwisha kuonesha kwamba anahitaji kitu chengine, na kumrudishia dozi ya juu kila mara si matibabu. Budesonidi ni steroidi ya kundi hilo hilo inayofanyia kazi zaidi kwenye utumbo wenyewe, na madhara yake kwa mwili mzima ni machache zaidi. Hutumika pale maradhi yanapokuwa mwisho wa utumbo mwembamba na si makali sana.

Azathioprini ni ya kulinda. Inachukua hadi miezi mitatu kabla ya kuonesha nguvu yake yote, kwa hiyo anayeiacha baada ya wiki tatu kwa kuona haimsaidii hakuipa nafasi. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kugusa ini, na kwa sababu hiyo kipimo cha damu hufanywa mara kwa mara, khasa miezi ya mwanzo. Anayetumia dawa ya jongo iitwayo alopurinoli lazima amwambie daktari, kwani dawa hizi mbili zikikutana huwa khatari. Methotreksati, inayotolewa mara moja kwa wiki, nayo ni ya kulinda, lakini mwanamke mjamzito au anayetarajia kubeba mimba haruhusiwi kuitumia.

Halafu ndiyo zinakuja za kibaiolojia. Infliksimabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huu, na hutiwa kwenye mshipa hospitalini, siku ya mwanzo, wiki ya 2, wiki ya 6, kisha kila wiki 8. Adalimumabu mgonjwa hujichoma mwenyewe chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Baadaye zimekuja vedolizumabu na ustekinumabu, na pia vidonge vya upadasitinibu, ingawa hivyo si vya kibaiolojia. Naomba nisimame kidogo upande wa dawa, kwa sababu kutoka Uingereza kumechapishwa mwaka 2024 matokeo ya utafiti uitwao PROFILE, ambamo wagonjwa waliogunduliwa karibuni waligawanywa makundi mawili: wengine wakapewa infliksimabu pamoja na dawa ya kupunguza kinga tangu mwanzo, na wengine wakapandishiwa dawa hatua kwa hatua kadiri walivyozidiwa. Baada ya wiki 48, waliotulia bila ya steroidi na bila ya upasuaji walikuwa asilimia 79 katika kundi la mwanzo, na asilimia 15 tu katika kundi la pili. Dawa hizi zikianza mapema, kabla kovu halijajenga, zina nguvu kubwa.

Kwetu tatizo ni kuzipata mfululizo. Mwenye kuanza infliksimabu, akakosa dozi miezi kadhaa kwa sababu ya fedha au ya ugavi, kisha akarejea, mwili wake unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili dhidi ya dawa, ikakataa kufanya kazi au ikamletea mzio mkali. Adalimumabu huwekwa baina ya nyuzijoto 2 na 8, na haitakiwi kuganda. Nimepokea sindano iliyovushwa kwa boti ndani ya boksi la barafu ikiwa imelazwa juu ya barafu yenyewe. Ndani yake mlikuwa mmeganda, na ilibidi itupwe mbele ya mwenyewe aliyeilipia. Barafu ifungwe kwenye kitambaa na sindano ikae mbali nayo. Nje ya friji inastahimili hadi siku 14 tu, tena katika joto lisilozidi nyuzi 25, na chumba cha aina hiyo hapa kwetu ni adimu. Kabla ya kuchagua njia hii, ulizeni ni nani atailipia, itatoka wapi kila mara, na umeme ukikatika itawekwa wapi.

Bibi Muuguzi, Chake Chake

Mfamasia amesema kweli na simpingi. Ila utafiti wa PROFILE ulihusu watu waliogunduliwa mapema. Mdogo wake Kaka wa Mkoani ameumwa muda mrefu na njia imeanza kubana, na suala ninaloliona mimi ni kwamba kubana kule kunatokana na nini. Kukiwa ni uvimbe, dawa zinaweza kuufungua. Kukiwa ni kovu, dawa haina la kufanya. Picha ya CT au ya MRI inayopigwa baada ya mgonjwa kunywa maji maalumu husaidia kupambanua, na pia huonesha kama utumbo ulio nyuma ya pale palipobana umetanuka.

Naomba nieleze nilichokiona kwa macho, kwani anayeogopa kisu mara nyingi anafikiri kuwa kinachokatwa ni kitu kizima kisicho na ubovu. Kipande kikishawekwa kwenye bakuli, mafuta ya tumbo huwa yameuparamia utumbo na kuuzunguka karibu wote, ukuta wake ni mnene na mgumu unapoubonyeza, na ukiupasua unakuta tundu ambalo penseli haipiti. Kandokando yake utumbo usio na maradhi ni laini na wa rangi ya waridi. Mpasuaji wa leo hakati mbali na mstari huo, kwa sababu imeonekana kwamba kukata zaidi hakuzuii maradhi kurudi, na utumbo mwembamba haukui tena. Penye mibano mingi mifupi hata hakati: huupasua utumbo kwa urefu kisha akaushona kwa upana, njia ikapanuka na hakuna kilichopotea.

Kuna utafiti mwengine, LIR!C, uliofanywa Uholanzi na Uingereza kwa wagonjwa 143 ambao maradhi yao yalikuwa mwisho wa utumbo mwembamba, chini ya sentimita 40, na dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Nusu walipewa infliksimabu na nusu walikatwa kwa njia ya matundu madogo. Baada ya mwaka mmoja, hali za maisha yao zilikuwa zinakaribiana. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitano, karibu nusu ya waliopewa infliksimabu walikuwa wameshakatwa, na miongoni mwa waliokatwa tangu mwanzo hakuna aliyehitaji kukatwa mara ya pili, ingawa robo yao walilazimika kuanza dawa za kundi la infliksimabu. Wagonjwa hao hawakuwa na mbano mkubwa, kwa hiyo kwa mwenye mbano wa kovu hoja ya upasuaji inazidi nguvu. Ninavyoona mimi, kwa kipande kifupi kama hiki, katika mahali ambapo sindano za kila wiki mbili hazina uhakika, upasuaji uliopangwa vizuri haufai kuchukuliwa kama adhabu ya aliyeshindwa na dawa.

Binti wa Wete

Bibi Muuguzi ametaja upasuaji uliopangwa, nami nataka kuweka mkazo hapo hapo. Mimi nilikatwa usiku, utumbo ukiwa umeshatoboka, nikiwa nimekonda na dozi ya prednisoloni iko juu. Katika hali ile daktari hakuthubutu kuunganisha utumbo siku hiyo hiyo, akanitolea tundu la haja ubavuni na mfuko wake. Nilibaki nao kwa miezi kisha utumbo ukaunganishwa na tundu likafungwa, na leo hakuna anayejua isipokuwa niliyemwambia. Mfuko ule nilioulilia ndio uliokuwa umenihifadhi. Hata hivyo, aliyepangiwa siku yake, akalishwa vizuri kwanza, akapunguziwa prednisoloni na kuongezwa damu ikiwa imepungua, uwezekano wa kuhitaji mfuko kwake ni mdogo zaidi.

Watu hawasemi sana juu ya baada ya upasuaji. Sikuachishwa dawa, naendelea na azathioprini ingawa sina maumivu yoyote. Kamera nilirudishiwa kabla ya mwaka kumalizika, kwani uvimbe huanza kurudi kwenye maungio kimya kimya, mgonjwa hajahisi kitu. Pia nachomwa sindano ya vitamini B12, kwa sababu inanyonywa na kile kile kipande cha mwisho nilichokatwa.

Kaka wa Mkoani

Nimewasomea baba na ami maandishi yote haya jioni, na baba ameuliza maswali mengi kuliko siku zote. Nina maswali mawili madogo. Mdogo wangu huvuta sigara, na maumivu yakizidi hununua diklofenaki dukani. Je, yanadhuru? Na Ramadhani ikifika afunge?

Mfamasia wa Mjini

Yote mawili yanadhuru. Sigara huuzidisha ugonjwa wa Crohn na huongeza uwezekano wa kurudi baada ya kukatwa, na kuiacha ni tiba ambayo hailipiwi. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuamsha uvimbe. Atumie parasetamoli, na maumivu yakiwa ya kusokota pamoja na kutapika, tumbo kujaa na kutotoa upepo, asimeze kitu chochote, akimbizwe hospitali.

Bibi Muuguzi, Chake Chake

Kuhusu funga, Mwenyezi Mungu amempa ruhusa mgonjwa, na huyu sasa hivi ni mgonjwa. Anayeharisha, aliye kwenye dozi ya prednisoloni au mwenye mfuko ubavuni hupoteza maji na chumvi kwa haraka, na figo zinaweza kuumia. Akishatulia, wengi huweza kufunga kwa kupangiwa upya saa za dawa, iwe futari na daku, ila apate idhini ya daktari wake kwanza. Kwa sasa, maadamu njia imebana, mpe vyakula laini na vilivyochujwa: uji, mbatata za kuponda, samaki aliyetolewa miba, supu. Fenesi, embe zenye nyuzi, mahindi ya kuchoma na maganda ya tungule aviwache mpaka jambo lake limalizike.

Mtakapovuka tena, chukueni majibu ya vinyama pamoja na picha zenyewe, si karatasi ya maelezo peke yake, na mumuulize daktari haya: kifua kikuu kimeondolewa kwa kipimo gani, mbano ni wa uvimbe au wa kovu, sentimita ngapi zitakatwa, na dawa ipi ataitumia baada ya hapo na nani ataitoa huku Pemba. Baba yenu naye aende. Aliyeuliza maswali mengi nyumbani ana haki ya kumuuliza mpasuaji mwenyewe.